Gadi Aliyenifundisha Kuipinda Bura

Watu wa mtaa wetu pale Voi walimwita gadi mpaka siku anazikwa, ingawa gari la moshi alilokuwa akilisindikiza kwa bendera kutoka behewa la mwisho liliacha kwenda Taveta zamani, na nyasi zimeota kati ya vyuma hadi mbuzi wanalishwa humo. Mimi pia nilimwita gadi. Yeye aliniita fundi, na alilitamka neno hilo kwa namna ambayo kila mara nilijisikia kama nimejenga ukuta ukaanguka.

Sitaandika alizaliwa wapi wala wazee wake walikuwa kina nani. Sikuuliza, naye hakusema. Ninachojua ni cha alasiri, baada ya sala yake na kabla ya magharibi, kwenye kibaraza chake cha saruji, ambapo alinifundisha banjo kwa miaka mingi kuliko inavyohitajika. Mtu wa akili za kawaida, aliniambia, hujifunza mambo hayo kwa mwaka. Mimi mwaka ulipokwisha bado nilikuwa naulizia namna ya kuishika.

Lazima nieleze mikono yangu. Mimi ni fundi wa mawe. Nilitoka shule nikiwa mdogo nikashika nyundo, na tangu hapo ncha za vidole vyangu zimekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Wanaojifunza banjo hulalamika kwamba nyuzi zinawauma. Mimi sikuzisikia kabisa. Nilibonyeza nyuzi mbili nikidhani ni moja. Siku ya kwanza gadi alinishika kidole cha shahada, akakigonga juu ya ubao wake wa dama, kikalia ko.

"Hiki si kidole," akasema. "Hii ni kete."

Banjo yenyewe ilikuwa ya kwaya ya kanisa letu kule Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ambako ndiko nyumbani. Kwaya ilipopata kinanda cha umeme, banjo ikatupwa stoo. Mke wangu alikuwa mwimbaji wa kwaya hiyo, akaichukua asije mtu akaigeuza kiota cha kuku. Tulipohamia Voi kwa ajili ya kazi zangu, tuliitundika ukutani. Hatukuipiga. Yeye aliimba tu akichagua mchele, na banjo ikamsikiliza.

Alipofariki tulimrudisha Rukanga. Pale kaburini, watu wakiwa wamesimama na majembe, mchungaji akauliza kama mume ana neno. Mdomo ulifunguka wenyewe, nikasema kwamba siku tutakayomjengea na kuweka msalaba, nitampigia ule wimbo wake kwa banjo. Watu wakasema amina kwa sauti moja. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuishika banjo ile isipokuwa kuipangusa vumbi.

Kwetu kaburi huachwa kwanza udongo ukae. Mvua zikipita, familia hukutana, hujenga kwa saruji, huweka msalaba, watu husali na kunywa chai, na hapo ndipo msiba huwa umefungwa. Na kwa kuwa mimi ni fundi, kila mtu alijua kaburi la mke wangu litakuwa zuri kuliko yote. Mvua zikapita. Zikaja nyingine. Shemeji yangu, mke wa ndugu yangu, ambaye jiko lake linatazamana na kaburi lile, alikuwa akinipigia simu.

"Shemeji, kuku wanamchakura mwenzako."

"Wafukuze, shemeji. Bado najifunza wimbo."

"Miaka yote hii? Unajifunza wimbo ama unasomea udaktari?"

Nilimwambia mwalimu wangu ni mkali. Hilo lilikuwa kweli, na lilinisaidia sana.

Gadi alikuwa Mwislamu wa asili ya pwani, na kabla ya kuingia reli alikuwa amepiga banjo katika bendi ya dansi huko Mombasa. Kuhusu wimbo wa mke wangu aliweka sharti moja. "Maneno yake ya kanisani usinambie. Nionyeshe njia ipitwayo tu." Basi nikampigia. Wakati huo nilikuwa nimeshaokota mafungu matatu ya kawaida. Fungu ni zile sauti tatu au nne zinazopatana zikipigwa pamoja. Nilimaliza nikiwa na fahari kidogo. Gadi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kikoi.

"Mkeo alikuwa sanduku?"

"La, gadi."

"Mbona wimbo wake una pembe nne?"

Akaichukua banjo. Akafika pale ambapo wimbo unakaribia kurudi nyumbani, akalipiga fungu la mahali hapo, ila hakulipiga kwa pamoja. Alilichambua, sauti moja moja, kutoka chini kwenda juu, na moja kati ya hizo akairudisha nyuma nusu hatua. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama mtu anayeongea vizuri, halafu sauti ikamkwama, akameza mate, akaendelea. Mke wangu alikuwa na mkwamo huohuo kila alipofika ubeti wa mwisho. Gadi hakuwahi kumsikia akiimba.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ningekuwa mtu wa kutosheka, ningeupiga wimbo wangu wa pembe nne, ningechanganya saruji, na kuku wa shemeji wangetafuta pengine pa kuchakura.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya reli. Hakujua kusoma muziki ulioandikwa, au alijua akaficha, sina hakika. Alitaja stesheni. "Voi," akasema, na kupiga sauti ya chini. "Mwatate. Bura. Maktau. Na hii ya juu ni Taveta, ambayo ni Voi ileile, ila umesafiri." Hilo lilikuwa fungu lililonyooka. Kisha akaeleza kupinda.

"Dereva amefunga breki mapema. Bura twaiona mbele, na gari limesimama porini, abiria washuka kwenye miiba. Hiyo ni Bura ya nyuma. Kuna na Bura ya mbele, dereva amepitiliza stesheni. Zote mbili abiria watatutukana. Lakini ndizo safari watakazozisimulia kwao."

Kwa mkono, ilikuwa ni kidole kimoja tu kusogea nafasi moja kwenye shingo ya banjo. Kidole kimoja! Nimeinua mawe ya msingi peke yangu, lakini kukisogeza kidole hicho nafasi moja bila vingine kufuata kama kondoo, hapana. Panda mpaka Taveta, shuka mpaka Voi, Bura ya nyuma. Panda, shuka, Bura ya mbele. Hamisha mkono nafasi moja juu, anza upya. Nilifanya mazoezi hata kazini, juu ya mpini wa mwiko. Mwenye nyumba mmoja kule Ndara aliniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na Bura. Ukuta wa mtu huyo upo mpaka leo, na mstari mmoja wa mawe umepinda vizuri kuliko nilivyowahi kupinda fungu lolote. Nikipita pale hutazama upande wa pili wa barabara.

Na kulikuwa na ngozi. Banjo ile ilikuwa na ngozi ya mbuzi, na siku za ukungu kutoka milimani ngozi hulegea, sauti ikawa kama mtu anapiga godoro. Gadi alikuwa akiiotesha moto kwenye jiko la makaa, mbali, akiizungusha polepole kama mtu anayekausha nepi ya mtoto. Akaniambia nifanye hivyo kwangu. Nilifanya. Nikaiweka karibu zaidi ili iwahi, ikapasuka. Nikaagiza ngozi mbichi kwa mchungaji wa mbuzi, nikaiwamba mwenyewe, kwa kuwa mimi ni fundi. Sikuingoja ikauke. Kwa muda mrefu nilipokwenda darasani, mbwa wa mtaa walinifuata hadi kibarazani, wakakaa chini kwa heshima kama wanafunzi wenzangu.

"Angalau hawa wamekuja kusikiliza," gadi alisema.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mwizi wa dama. Tulicheza kwa vifuniko vya soda, na ukigeuka kupokea chai, kifuniko chako kimoja kilikuwa kimeshakwenda mbinguni. Ukimshika aliapa kwamba ni upepo. Alihubiri subira, lakini chai ikichelewa alipiga kelele mpaka binti yake, ambaye alikuwa akikaanga mahamri ndani kwa ajili ya wateja wa asubuhi, akajibu, "Baba, hii si stesheni!" Alisema muziki wa huzuni ni wa watu wavivu, na sikumsikia hata siku moja akipiga wa furaha. Treni mpya ikipita kwa kasi yake alisonya, akasema lile si gari bali ni bomba la maji. Na papo hapo akatoa saa mfukoni na kuirekebisha kwa treni hiyohiyo.

Fahari yake kubwa ilikuwa moja. Katika zamu yake, gari la Taveta halikuchelewa kamwe.

"Hata ndovu wakilala kwenye reli?" nilimuuliza.

"Ndovu walikuwa kwenye ratiba."

"Na injini ikiharibika?"

"Fundi, piga banjo."

Alibaki na bendera zake mbili za kazini, nyekundu na ya kijani, zimefifia, vijiti vyake vimelainika kwa jasho la miaka. Wakati wa somo alizilaza mapajani. Nilianza Voi, nikapita Mwatate, nikakosea Bura, nikasimama, nikarudi kuanza Voi, na nyekundu ikainuka. Kila siku. Aliinua tu, akitazama mbele kama mtu aliye nyuma kabisa ya behewa la mwisho. Nyekundu nilielewa kuwa ni kosa. Kwa hiyo nilirudi Voi kwa bidii zaidi, nikawa narudi hata kabla ya kukosea, nikihisi kosa linakuja. Ya kijani sikuionja. Nilijiwekea kwamba siku nitakayoipata, ndiyo siku nitakayompigia shemeji simu nimwambie aite watu. Shemeji nilimwambia hivyo pia.

"Kwa hivyo tunangojea kitambaa cha mzee wa reli," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Mungu anakuona."

Halafu gadi akapata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yakapungua yakawa machache ya kuhesabika. Binti yake alikuja kwangu mwenyewe, bado na unga mikononi.

"Fundi, baba anakutaka. Uende na banjo."

"Ataweza kusikia?"

"Kusikia kupo. Kutukana pia kupo."

Nilimkuta amelazwa kitanda cha kamba, karibu na dirisha, bendera zake juu ya shuka. Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa na hofu ya mtoto wa shule, mimi mwenye mvi. Nikaanza wimbo wa mke wangu. Nikafika pale karibu na nyumbani, nikalichambua fungu: Voi, Mwatate, na kidole changu cha kete kikaanguka katikati ya Bura na mahali pasipo na jina. Nikasimama. Nikarudi Voi. Mkono wake wa kushoto ukatambaa juu ya shuka, ukaokota nyekundu, ukaiinua ikitetemeka.

"Najua, gadi," nikasema. "Nimekosea."

Akatikisa kichwa. Ilimchukua muda kuyapanga maneno.

"Hukukosea. Warudi nyuma."

Sikuelewa. Akavuta pumzi.

"Gari likirudi nyuma bila ruhusa, gadi aonyesha nyekundu. Mtu akishuka porini, hatumrudii. Twenda."

"Miaka yote nyekundu ilikuwa ya kurudi? Si ya kukosea?"

"Nani asiyejua maana ya nyekundu?" Alinikazia jicho lake zima. Hakuwa akinitania. Alikuwa ameishi maisha yake yote akidhani kila binadamu anajua kanuni za magadi, kama vile mimi ninavyodhani kila mtu anajua jiwe lina uso, upande wa kutazama nje. Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo behewani: "Nilidhani wajua. Nikasema, fundi hataki kufika Taveta, ana lake."

Binti yake alikuwa mlangoni na chai. Akarudi nayo ndani.

Nilitazama mikono yangu. Nimewajengea makaburi watu wengi, wengine sikuwajua hata sura, na sikuwahi kuchelewesha hata moja. La mke wangu lilikuwa udongo bado. Udongo ule nilikuwa naweza kuugusa nikienda Rukanga, kuupanga kwa kiganja, kung'oa majani. Saruji ukishaimwaga haikukumbuki. Nilikuwa nimejificha nyuma ya Bura, na banjo ilinipa mahali pazuri pa kujificha, maana kila mtu anamheshimu mtu anayefanya mazoezi.

"Panda," gadi akasema.

Nikaanza tena. Bura ilitoka vibaya kuliko mwanzo. Kidole kikataka kurudi, mwili wote ukataka kurudi, nikakilazimisha kwenda Maktau, nikafika Taveta, nikashuka, nikaumaliza wimbo. Haukuwa mzuri. Mbwa mmoja wa zamani alikuwa dirishani, akainuka akaenda zake. Nilimtazama gadi nikingoja kijani. Hakukigusa.

"Tumefika, gadi," nikamkumbusha.

"Naona."

Nikaaga, nikachukua banjo yangu. Nilipokuwa mlangoni, mguu mmoja tayari nje, nikasikia binti yake akicheka kidogo. Nikageuka. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, na ndani yake kijani, kimesimama sawasawa bila kutetemeka. Kijani huonyeshwa wakati wa kuondoka. Nilikuwa nimekingoja miaka yote nikiwa nimeketi.

Siku hiyohiyo nilimpigia shemeji nikamwambia aite watu. Akauliza kama nimelewa.

Rukanga nilikwenda siku mbili kabla, nikajenga mwenyewe, sikutaka msaidizi. Sitaeleza ile saa ya kumwaga saruji. Msalaba ulisimama wima. Kwa hilo naweza kujisifu, ulipimwa kwa timazi. Watu wakaja, mchungaji akasali, wote wakanigeukia. Nilipiga wimbo wake. Penye fungu lililopindwa niliikosa Bura ya nyuma nikaigonga Bura ya mbele, kisha nikaikosa na hiyo, abiria wakashuka kila mahali. Sikurudi Voi. Pale mwishoni, akina mama wa kwaya wakaanza kuimba juu ya banjo, nadhani ili kuifunika. Kaburini hapapigwi makofi. Nilisimama nikiwa sijui nifanye nini na mikono, mpaka shemeji akaja akanipokonya banjo.

"Pale katikati palikuwa na nini?" akanong'ona.

"Palikuwa na miiba, shemeji."

"Nilidhani ndivyo ulivyofundishwa." Akaitazama ile ngozi, akanusa. "Haya, njoo unywe chai. Umekonda."

Niliporudi Voi nilipitia kwa gadi kabla ya kufika nyumbani, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona, ingawa hakuna aliyenambia hivyo na ningejua ningekaa zaidi. Binti yake alikuwa amemwegemeza kwa mito. Bendera zilikuwa zimekunjwa, zimewekwa juu ya dirisha pamoja na ubao wa dama. Nilikaa. Treni mpya ikapita. Hakuuliza saa yake.

"Mlifika?" akasema mwishowe.

"Tulifika, gadi."

"Bura?"

"Niliikosa. Zote mbili."

"Ukarudi?"

"Sikurudi."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kujiinua taratibu, magoti yakalia kama kawaida yake. Akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto.

"Lakini mlichelewa."

"Tulichelewa sana, gadi. Miaka."

Kitu kikatembea kwenye nusu ya uso wake iliyobaki hai. Akatazama mlangoni, kuhakikisha binti yake hayupo, akanivuta karibu mpaka sikio langu likawa mdomoni mwake.

"Hata sisi," akasema. "Kila siku. Usimwambie mtu."